Kiwanja cha Kwanza Buyenzi

Mposaji hafungui mdomo siku ya posa yake. Ndivyo ilivyo desturi ya mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura, na desturi hiyo ilipanda ndege pamoja na wenyewe ikaja kukaa Brussels: kijana ainamishe kichwa, ale sambusa moja, aache mshenga aseme. Lukman aliyajua hayo, na shangazi yake Latifa alimkumbusha tena ndani ya tramu, walipokuwa wanaelekea mtaa wa Koekelberg.

"Leo huo ulimi uuache kwenye kiti cha tramu," shangazi alisema. "Tukirudi utauchukua."

"Shangazi, mimi si mtoto."

"Ungekuwa mtoto nisingekuwa na wasiwasi."

Lukman akaahidi kunyamaza, na aliahidi kwa moyo mweupe. Alimtaka Jamila kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu afike nchi hii ya mvua nyembamba. Kwa ajili yake angenyamaza hata mwaka mzima. Alasiri moja ingemshindaje?

Mshenga wao alikuwa Kazadi, Mkongo wa Bukavu, mwenye lori la mboga ambalo Lukman alilipakia kila alfajiri. Kazadi alikuwa Mkatoliki, Fatiha haijui kichwa wala miguu, lakini kwa maneno hakuwa na mfano. Alivaa suti ya rangi ya maziwa, akajipulizia manukato mpaka abiria wa tramu wakahama viti.

Papa Mansour aliwapokea sebuleni kwake. Dirishani kuba la kijani la kanisa la Basilika lilikuwa limefunikwa na ukungu. Papa Mansour alikuwa baba mdogo wa Jamila, na kwa kuwa baba mzazi alikwisha kufariki, yeye ndiye walii wake. Zamani aliuza vitenge Bujumbura. Sasa aliuza samaki wakavu na unga wa muhogo, lakini sauti ilibaki ileile ya kupimia vitenge, ndefu na isiyokunjika.

"Bon, papa Mansour," Kazadi alianza, "siye hatukupotea njia. Tumepita kwenye shamba yako, tumeona ua. Miye umri wa kuchuma ulishapita. Nimekuletea muntu."

"Ua lenyewe lina miiba, mmeambiwa?"

"Huyu naye iko na ngozi ngumu, papa. Anabeba magunia ya vitunguu."

Wazee wakacheka. Mambo yakaenda kama maji mteremkoni. Wakaulizana dini, wakaulizana afya, wakaulizana tabia. Lukman aliinamisha kichwa akahesabu maua ya zulia. Kutoka jikoni, Jamila na shangazi Latifa walikuwa wakisikiliza kila neno nyuma ya pazia. Likabaki swali la mwisho tu.

"Alors," papa Mansour akauliza, "watoto watakaa wapi?"

"Ah, hiyo si shida!" Kazadi akapunga mkono. "Jamila iko na fleti yake Ganshoren. Vyumba viwili, chauffage ya kupasha joto, balcon, kila kitu. Huyu kijana atachukua valisi yake ya nguo, ataingia."

Lukman akainua kichwa.

Shangazi Latifa, kule nyuma ya pazia, hakukiona kile kichwa kikiinuka, lakini alisema baadaye kwamba alikisikia.

"Nani ataingia?" Lukman akauliza.

"Mutoto, nyamaza," Kazadi akanong'ona.

"Nani ataingia kwa mke na valisi? Mimi? Mimi kitukuu cha Jaffari bin Sudi?" Alikuwa amekwisha simama, na sambusa yake mkononi. "Papa Mansour, wewe ni mtu wa Buyenzi, unajua. Jaffari ndiye aliyefyeka kichaka cha kwanza pale. Jaffari ndiye aliyejenga nyumba ya kwanza, kwenye kiwanja cha kwanza. Hata leo watu wakielekezana njia wanasema 'kata kulia kwa Jaffari'. Mwanamume kama yule hakuhamia kwa mtu, watu ndio waliohamia kwake! Damu yake haiwekwi na mke. Nitamwoa Jamila ndani ya nyumba yangu, na kama nyumba sina, atanisubiri niipate."

Papa Mansour aliweka kikombe chini polepole, na shavu lake moja likacheza. Asiyemjua angedhani ni hasira. Alikuwa anazuia kicheko.

"Kwa Jaffari nakujua," alisema. "Lakini kila mzee wa Buyenzi ninayekutana naye hapa Brussels, babu yake ndiye alifika wa kwanza. Tukiwakusanya wote, hicho kichaka kilifyekwa na jeshi zima. Bon. Wabelgiji walikuwa watu wa kuandika. Kila kiwanja walichogawa, kila ndoa iliyofungwa, waliandika, na karatasi wakazibeba. Ziko hapahapa mjini. Nenda kazisome. Ukiniletea karatasi kwamba Jaffari ndiye wa kwanza, nitamwambia binti yangu akungoje mwaka mzima utafute nyumba yako. Usipoleta, utaingia Ganshoren na valisi, kimya, kama alivyosema tonton Kazadi. Unao muda mpaka mwezi wa Ramadhani uandame."

"Nakubali!" Lukman akasema.

Nyuma ya pazia kitu cha bati kikaanguka kwa kishindo.

Jamila alimkuta kituo cha tramu, ametoka mbio bila koti, mtandio umeelea begani. Alikuwa msichana mrefu mwenye kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa, na mikono iliyozoea kunyanyua watu wazima. Lukman alirudi hatua moja.

"Umenicheza kamari," Jamila alisema.

"Ni heshima, Jamila. Kesho wataniita mwanamume gani?"

"Na mimi wataniita nani? Ile fleti niliitafuta mwenyewe. Mwenye nyumba wa kwanza aliniambia chumba kimeshachukuliwa, kumbe aliona rangi ya sura yangu. Wa pili hivyo hivyo. Nilipopata hii nilipiga rangi kuta zote kwa mkono wangu, na jikoni nikaweka meza ya watu wawili. Watu wawili, Lukman! Nilikuwa nimeshakuwekea kiti, nawe unaniambia kiti changu kina aibu."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema kwa sauti, Koekelberg nzima imesikia. Basi nikuambie na mimi kwa sauti. Mwaka mzima sikungoji. Baba mdogo anaweza kuahidi, lakini miguu ni yangu. Ukishinda hiyo kamari yako, umenipoteza."

Tramu ikaja. Lukman akapanda, akabaki amesimama dirishani, na moyo umegawanyika kama embe lililokanyagwa. Lakini neno alikwisha litoa mbele ya wazee. Kijana wa Buyenzi humeza moto kabla hajameza neno lake. Isitoshe, alijiambia, Jamila akiona kwa maandishi ukubwa wa Jaffari, atalainika. Nani asingelainika?

Tangu siku ile, kila alipomaliza kupakia lori la Kazadi, Lukman alinawa harufu ya vitunguu akaenda kwenye jumba la nyaraka za zamani, katikati ya mji. Huko hawaruhusu kalamu ya wino wala chakula wala kelele. Mtunza nyaraka alikuwa Thérèse, mama wa Kibelgiji mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni. Siku ya kwanza alimwuliza Lukman anatafuta nini.

"Namtafuta mwanzilishi wa mji," Lukman akajibu.

"Mji upi, bwana?"

"Buyenzi."

Thérèse akaandika, wala hakucheka. Akamletea maboksi. Lukman akapekua barua za madaktari kuhusu mbu, akapekua ramani za mifereji, akapekua malalamiko ya askari mmoja kuhusu mbuzi wa Waswahili. Kila ukurasa ulikuwa na vumbi, na kila vumbi lilikuwa na mtu. Kule nyumbani vita vilikuwa vimewatawanya watu wa Buyenzi, mitaa mingine haina hata wa kuitika hodi; humu ndani ya boksi walikuwa bado wanagombana kuhusu mbuzi. Lukman aliona raha ambayo hakuitarajia. Alianza kuwasalimu kwa majina, taratibu, midomo ikicheza.

Kisha, mchana mmoja, ikaja orodha ya wanaume walipa kodi. Mstari wa juu kabisa uliandikwa kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kujikunja: *Kiwanja cha kwanza. Jaffari bin Sudi, seremala, anakaa hapo.*

Lukman akapiga kelele. Mzee aliyekuwa akisoma meza ya pili akadondosha miwani.

"Bwana!" Thérèse akasema.

"Ni yeye, mama! Tazama! Kiwanja cha kwanza! Babu wa baba yangu!"

Thérèse akaja, akasoma, akatabasamu. "Hongera. Nikupigie fotokopi?"

"Piga! Piga hata mbili!"

Mama yule akasita. "Lakini hii ni orodha ya kodi. Inasema nani analala kwenye kiwanja. Haisemi ni cha nani. Daftari la viwanja lenyewe liko boksi jingine, pamoja na la ndoa za mtaa huo. Unataka nikuletee, au hii inakutosha?"

Ilikuwa inamtosha. Angeweza kusema ahsante akaondoka, na kamari ameshinda. Lakini majivuno ni mlafi, hayajui kushiba kwa sahani moja.

"Lete," alisema. "Nataka nimalize mambo yote. Wasije wakasema nimebahatisha."

Daftari la viwanja lilikuwa kubwa kama mlango wa kabati. Lukman akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma. Akasoma tena. Akapangusa kidole, kana kwamba uchafu wake ndio uliobadili maandishi.

*Kiwanja cha kwanza. Mwenyewe: Mwanakombo binti Feruzi, mjane, muuza mafuta ya mawese.* Na pembeni karani alikuwa ameongeza maelezo: wanaume wa Kiswahili walipoambiwa wahame kutoka ufukoni, walikaa kwenye kikao siku nyingi wakibishana kama wakubali au wakatae. Mwanamke huyu alikuja peke yake na panga na mtungi, akachagua kiwanja cha pembeni, akaanza kufyeka. Alifika kabla ya wote.

Lukman alifunga daftari, akalifungua tena. Mwanakombo alikuwa bado yupo.

"Labda walikosea," alimwambia Thérèse. "Labda huyu ni mama yake Jaffari."

"Tazama la ndoa," Thérèse akasema.

La ndoa lilikuwa la Kiswahili, limeandikwa na kadhi wa mtaa kwa herufi nene, na Lukman alilisoma bila kusaidiwa na mtu:

*Leo mbele yangu Jaffari bin Sudi, fundi seremala, mtu wa Ujiji, amemwoa Mwanakombo binti Feruzi. Nyumba ya mke haikuwa na mlango ila jamvi. Mahari waliyopatana ni mlango mmoja wa mbao wenye komeo, kazi ya mikono ya mume. Mlango umeletwa leo, mume ameubeba kichwani toka ufukoni, watu wameuona. Mume ahamia kwa mke. Mke amesema yeye hahami, nyumba ameijenga mwenyewe. Mume amesema amekubali na ana furaha. Shahidi wa kwanza, Mansour bin Idi, mpangaji wa chumba cha uani katika nyumba ya mke.*

Lukman akalisoma upya kwa kunong'ona, hata Thérèse, aliyekuwa amezoea kelele zake, akaingiwa na wasiwasi.

"Kuna habari mbaya?"

Akamfasiria, neno kwa neno, shingo imejaa joto. Alipofika kwenye mlango uliobebwa kichwani, Thérèse akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Unacheka nini, mama? Huyo ni babu yangu."

"Samahani, bwana. Mimi na mume wangu tuna miaka ishirini ya ndoa. Hajawahi kunibebea hata kiti." Akajifuta macho. "Nikupigie fotokopi ya hii pia?"

Lukman alisema hapana. Akavaa koti, akafika mlangoni, akarudi, akasema ndiyo.

Njiani alielewa kosa lilivyotokea, na akaona ni kosa ambalo watu wa Buyenzi pekee wangeweza kulifanya. Mtaa mzima wakati ule ulikuwa na majamvi. Nyumba moja ikapata mlango wa mbao. Basi mgeni akiuliza njia anaambiwa, kata kulia penye mlango wa Jaffari. Mlango ukafupishwa, likabaki "kwa Jaffari". Watoto wakazaliwa wakisikia kwa Jaffari, wakadhani nyumba ni yake, na kichaka alikifyeka yeye. Mwenye nyumba akapotea nyuma ya mlango wake mwenyewe.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama wakakutana tena Koekelberg. Lukman alikuwa na fotokopi mbili: ya kodi mfuko wa kulia, ya ndoa mfuko wa kushoto. Alikuwa hajalala vizuri. Alichokuwa ameamua ni kwamba hajaamua.

"Haya, mjukuu wa jeshi zima," papa Mansour akasema. "Tuone."

Mkono wa kulia ukawahi. Lukman akatoa orodha ya kodi, akaiweka mezani. Papa Mansour akavaa miwani, akasoma mstari wa juu, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena.

"Kiwanja cha kwanza," alisema. "Jaffari bin Sudi. Ni kweli."

"Siku zote nilisema!" Kazadi akaruka. "Huyu mutoto ni wa damu kubwa! Babu yake hakuingia kwa mwanamuke kama paka! Alifyeka! Alijenga! Mwanamuke aliletwa!"

"Neno ni neno," papa Mansour akasema, akageukia pazia. "Jamila! Umesikia, binti yangu. Kijana ameshinda. Hiyo fleti ya Ganshoren irudishe kwa mwenyewe, ukae hapa kwangu mpaka mwenzio apate yake. Tutasahau kwamba ilikuwepo."

Pazia likafunguka. Jamila alitoka na sinia la chai, akaliweka mezani bila kumwaga tone. Hakumtazama Lukman kwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyokwisha kuihama.

Lakini si macho yale pekee yaliyomchoma. Ni lile neno: tutasahau kwamba ilikuwepo. Lukman akamwona mwanamke na panga na mtungi, yuko peke yake kichakani, wanaume wako kikaoni. Naye walimsahau hivihivi, kwa kelele za sifa, chai ikiwa mezani. Na anayemsahaulisha mara ya pili ni kitukuu chake mwenyewe. Moto uleule uliomsimamisha siku ya posa ukamsimamisha tena.

"Sikushinda!" akasema.

"Mutoto, nyamaza," Kazadi akamsihi. "Umeshashinda, kaa chini."

"Sikai! Ushindi wa nusu ni wizi, na ukoo wetu hauna wezi. Papa Mansour, kuna karatasi nyingine." Akaitoa mfuko wa kushoto, akaisoma yote, kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja. Mwanakombo binti Feruzi, akaongeza na habari za panga, mtungi na kikao cha wanaume. Jamvi. Mlango kichwani. Mume ahamia kwa mke. "Sasa mmesikia. Nilijigamba kwa mtu asiyekuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mke wake, na mimi nimetoka tumboni kwake vilevile kama nilivyotoka mgongoni kwa Jaffari. Mwenye kumcheka bibi yangu aje tuonane nje!"

Hakuna aliyekwenda nje. Shangazi Latifa alitoka nyuma ya pazia amejishika kifua.

"Ule mlango!" alisema. "Wallahi ule mlango umenibana vidole utotoni! Ulikuwa mzito, hata mwizi alikata tamaa. Kumbe mahari? Na sisi tunaambiwa tu bibi Mwanakombo alikuwa mtu wa maneno mengi!"

"Alikuwa na haki ya kuwa nayo," Jamila akasema.

"Kichwani!" Kazadi alikuwa bado ameduwaa. "Toka ufukoni mpaka Buyenzi, na jua lile! Eh, papa, huyo Jaffari alikuwa mwanaume! Miye nilimlipia mke wangu mahari ya ng'ombe, lakini ng'ombe walitembea wenyewe."

Papa Mansour alikuwa anamkazia macho Lukman, na shavu lile lilikuwa linacheza tena. "Kwa hiyo unakiri," alisema, "kwamba babu yako alikuwa mtu wa kuhamia."

"Nakiri. Na shahidi wake pia nimsome?"

"Msome. Kuna aibu gani?"

"Shahidi wa kwanza," Lukman akasoma polepole, akionja kila neno, "Mansour bin Idi. Mpangaji. Wa chumba cha uani. Katika nyumba ya mke."

Papa Mansour akafungua mdomo. Jina lile ni lake, alirithishwa kutoka kwa babu yake. Sebule nzima ikamgeukia. Shangazi Latifa akaanza kucheka kwa pua, Kazadi akajifunika uso na tai yake, na Jamila, aliyekuwa amejikaza tangu siku ya posa, akajishika ubavu akainamia sinia.

"Chumba cha uani!" papa Mansour akanguruma. Kicheko alichokizuia tangu siku ya kwanza kikamtoka chote, kikatikisa vikombe. "Ya Rabi! Marehemu alituambia alikuwa na nyumba ya vyumba sita!"

"Alihesabu na vya wenzake, papa," Kazadi akasema.

Ilichukua muda mpaka watu wakapata pumzi. Kisha papa Mansour akajifuta macho kwa kanzu, akarudi kuwa walii.

"Alors. Kijana ameshindwa, ameshindwa vizuri kuliko nilivyoona mtu akishinda. Ataingia Ganshoren. Lakini Mwanakombo alipewa mlango. Jamila, wewe unataka mahari gani? Sema mwenyewe."

Jamila hakufikiri hata kidogo. "Mlango ninao. Ninachokosa ni mashine ya kufulia. Nguo za kazi nazibeba kwenye begi mpaka kwenye mashine za kulipia, mvua inaninyeshea nikienda na inanisubiri nikirudi. Nataka mashine. Na iletwe na yeye mwenyewe."

"Jengo lenu lina lifti?" Kazadi akauliza kwa sauti ndogo.

"Halina."

"Nakubali na nina furaha!" Lukman akasema.

Wakafunga, wakafungua, na Jumamosi ya kwanza baada ya Idi lori la mboga likasimama mbele ya jengo moja tulivu la Ganshoren. Ndani yake mlikuwa na mashine nyeupe ya kufulia, valisi moja, na bwana harusi wa kanzu iliyokwisha kupata doa la mafuta ya lori. Nikaha ilikuwa imesomwa asubuhi. Kilichobaki ni ngazi.

Mtu hajui uzito wa mashine ya kufulia mpaka aitake ipinde kona. Kazadi alikuwa chini anasukuma, Lukman juu anavuta, na kila ngazi walikuwa wanakumbushana majina ya Mungu, kila mmoja kwa dini yake. Juu kabisa, wanawake wa Buyenzi walikuwa wamejazana mlangoni kwa Jamila na vigelegele. Shangazi Latifa alikuwa amejitwalia uongozi. Akachungulia chini, akaanza kumwimbia, na wenzake wakampokea:

"Ewe uliyeko chini, panda juu usigune,
Wajigamba barazani, leo ngazini tuone!"

Lukman angeweza kutunza pumzi. Lakini tangu lini?

"Nimebeba mabegani, mahari yangu si haba," akajibu, jasho likimwingia machoni,
"Nikaribisheni ndani, nikae niitwe baba!"

Juu wakapiga makofi. Chini Kazadi akalia, "Imba baadaye, mutoto, imenikalia kwenye kidole!"

Mashine ikakwama kabisa kwenye ghorofa ya pili. Haikwenda juu, haikurudi chini. Hapo ndipo mlango wa jirani ukafunguliwa, akatoka Jean-Baptiste, mzee wa Kibelgiji anayeishi chini ya fleti ya Jamila, amevaa ndara na fulana ya sufu. Akatazama mashine, akatazama kanzu, akatazama juu kulikokuwa na kelele.

"Ni nani anayehamia?" akauliza.

Kazadi alijua fahari ya kijana wake, akataka kumfichia mbele ya mgeni. "Hakuna, bwana, tunaleta mashine tu ya—"

"Ni mimi!" Lukman akapaza sauti kwa Kifaransa, mpaka ngazi zote zikaitika, na juu wakanyamaza wasikie. "Mimi, bwana! Leo nahamia kwa mke wangu! Nyumba ni yake!"

Mzee akakuna kidevu, akafikiri, akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi pia," alisema. "Mwaka wa hamsini na tatu. Hii ilikuwa ya mke wangu. Nisubirini nivae viatu."

Akarudi na viatu, akashika pembe ya chini upande wa Kazadi. Lukman akahesabu mpaka tatu, na mashine ikang'oka pale ilipokwama, ikaanza kupanda.